Biki Nyekundu kwenye Karatasi ya Leta

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Picha tena. Zile za juma lililopita zimekataliwa kwa sababu Masika alionyesha meno. Kwenye picha ya viza mtu hacheki. Mpiga picha alimwambia awaze kitu cha huzuni. Akawaza, akacheka zaidi. Ana miaka saba. Mara ya sita akafaulu, kwa sababu Papa alisimama nyuma ya kamera na kumtazama kama alivyokuwa akitazama darasa.

Papa mwenyewe alipigwa mara moja tu. Amefanana na mtu anayetafutwa.

Dossier, yaani faili za maombi, ni mbili. Ya Papa: mwalimu mstaafu, mjane, anamfuata binti yake mkubwa Ubelgiji. Ya Masika: mtoto anamfuata mama yake. Binti huyo na mama huyo ni mtu mmoja: Espérance, dada yangu mkubwa, kwetu tunasema Yaya. Miaka mitano hayupo. Kazi yake kule ni kuogesha wazee wa watu wengine, na sasa anataka wa kwake awe karibu. Na mtoto wake. Siwezi kusema amekosea. Anawaombea viza ya kuishi, si ya kutembea.

Mimi sina dossier. Mdogo wa mtu, akiwa mtu mzima, haombewi.

Kwa hiyo ninatayarisha upweke wangu mwenyewe, kila karatasi nakala tatu.


Alhamisi, tarehe 6

Cheti cha kuzaliwa cha Masika kimetoka. Nilikisoma mara nne njiani, nikaona kiko sawa. Papa akavaa miwani, akasoma mara moja. Wameandika tarehe 12. Mtoto alizaliwa tarehe 21.

Nilichukua biki, kalamu yangu ya wino, pale pale. Kugeuza tarakimu mbili tu, nani angejua? Papa akanishika mkono.

"Karatasi ya Leta, mutu hapana andika juu yake. Hata kama iko na kosa. Unaandika, inakufa. Rudisha ku bureau."

Leta, yaani Serikali. Bado anaitamka kwa heshima, Leta hiyo iliyomsahau yeye na mshahara wake. Na ni mtu anayesahihisha kila kitu. Tangazo la parokia. Karatasi ya maelezo ndani ya sanduku la dawa. Biki nyekundu iko kwenye mfuko wa shati lake mpaka leo, miaka sita baada ya kuacha ubao.

Nikarudi ofisini. Nikasubiri hadi saa nane. Wamekubali kosa ni lao, wataandika kipya.


Jumapili, tarehe 16

Misa ya kwanza. Ukungu mpaka saa tatu, mikaratusi ya kilimani haikuonekana. Kisha kaburi la Mama. Papa alipalilia muda mrefu kuliko majani yaliyokuwepo.

Masika aliuliza kama Mukaka naye anatengenezewa viza. Mukaka ni bibi, kwa lugha yetu ya nyumbani. Papa akamjibu kwamba Mukaka ameshafika. Mtoto akaridhika. Mimi sikuridhika, sijui kwa nini.


Ijumaa, tarehe 28

Safari ya Beni, mimi na Papa. Wazee wa umri wake hawakuandikwa popote walipozaliwa. Wanapewa cheti baadaye, mbele ya hakimu, na mashahidi wawili. Tuliondoka Butembo alfajiri, magari matano yakifuatana kwa ajili ya usalama.

Kalunguta, Papa alimwomba dereva apunguze mwendo. Shamba letu la kahawa liko pale, juu kidogo ya barabara. Dereva akapunguza, wa nyuma wakapiga honi. Papa alitazama miti yake hadi ikapotea. Baadaye sana, karibu na Beni, akasema: "Ile mistari ya juu inataka kukatwa." Kama vile angekuwepo kuikata.

Karani wa ofisi si wa huku, anachanganya Kiswahili na Lingala. Mtu mwenye haraka lakini si mbaya. Aliandika, akapiga muhuri, akampa Papa cheti.

Jambo moja naliandika hapa kwa sababu lilinishangaza. Papa hakukisoma mbele ya karani. Alikitazama kidogo tu, akakikunja, akakitia kwenye bahasha, akaweka bahasha ndani ya koti. "Hii mie nitatunza," akasema. Nikafikiri amechoka.


Alhamisi, tarehe 10 mwezi wa nne

Tarehe ya ubalozini imepatikana. Kampala, Jumanne 29, wote wawili, na karatasi za asili mkononi.

Kazini nilionja vikombe kumi na viwili vya kahawa. Kazi yangu ni kusema kipi kina ladha ya tunda, kipi ya udongo. Leo vyote vilikuwa maji ya moto. Nikaandika chochote. Ni mara ya kwanza kudanganya kazini.

Jioni nilimsuka Masika. Aliuliza kule nani atamsuka. Nikasema mama yake.

"Anajua?"

"Yeye ndiye alinifundisha."

"Halafu weye utasuka nani?"

Nikamwambia ainamishe kichwa.


Jumatano, tarehe 16

Leo nimemwomba Papa bahasha yake ili nipange yote mahali pamoja. Akanipa.

Kwenye cheti chake, karani aliandika kwamba alizaliwa Beni. Papa alizaliwa Alimbongo. Na neno Beni limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rangi nyekundu. Juu yake, kwa mwandiko ule unaojulikana na nusu ya watu wazima wa mji huu: Alimbongo. Pembeni, herufi za jina lake. Kama daftari la mwanafunzi.

Siku kumi na tatu zimebaki.

Nilikaa juu ya kitanda. Nikafikiri: amezeeka. Baba yangu amezeeka, mkono wake unasahihisha peke yake. Hilo liliniumiza kuliko karatasi. Nilimpikia sombe, majani ya muhogo.


Jumanne, tarehe 22

Pasaka imepita. Beni peke yangu.

Karani alishika cheti, akakiinua kuelekea dirishani. Akawaita wenzake waone.

"Mwalimu alipatia Leta points ngapi?"

"Hakuweka points," nikasema.

"Ah. Donc Leta ilikosa yote."

Wakacheka. Mimi pia, kidogo, kwa aibu. Kisha akawa mpole. Akanieleza taratibu, kama mtu anavyoeleza kifo.

"Hii imekufa, mama. Kosa ni ya kwetu, mais mungeileta safi, ningetengeneza siku moja. Sasa imeandikwa juu. Tunaanza tena. Demande ya kuomba upya, mashahidi, hakimu akae. Posho tano, pengine sita."

Majuma matano, na mimi nina siku saba. Masika ataenda Kampala. Papa hataweza.

Nilipotoka nje nilikuwa na furaha. Naliandika kama lilivyokuwa. Si faraja, ni furaha, tumboni, kama mtoto aliyeambiwa hakuna shule. Nilinunua ndizi, nikala nikiwa nimesimama kando ya barabara. Kisha nikaona nilichokuwa nakifanya. Nashangilia baba yangu kuzeeka. Sijipendi leo.


Jumatano, tarehe 23

Nimesoma daftari hili kutoka mwanzo. Natafuta ni lini akili yake ilianza kupungua.

Tarehe 6 mwezi wa tatu. Unaandika, inakufa.

Alinishika mkono. Alijua. Na tarehe 28 hakukisoma mbele ya karani, yeye anayesoma hata sanduku la dawa. Alikitazama kidogo. Kidogo hicho kilimtosha kuona kosa. Angelisema pale pale, wangelirekebisha pale pale.

Cha mtoto alikilinda. Cha kwake amekiua.

Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi. Sijui kama nalia kwa hasira.


Alhamisi, tarehe 24

Papa alikuwa kwenye kibaraza na Masika, wakipukuchua maharagwe. Niliweka cheti juu ya magoti yake.

"Papa, unakumbuka siku ulinishika mkono?"

"Nakumbuka."

"Na hii?"

Alikitazama kwa mbali, miwani ikiwa puani. "Mustari umenyooka," akasema.

Sikucheka. Akaona kwamba sikucheka. Akaweka maharagwe chini.

"Kavira. Mutoto iko na mama yake kule, lazima aende. Mie nitafanya nini? Espérance anatoka asubuhi, anarudia magaribi. Nitaikala ku dirisha sawa paka. Na weye hapa utakula na nani?"

"Ungesema tu, Papa."

"Mungenishinda. Muko wawili, na muko na masomo. Karatasi hapana bishana na mutu."

Masika alikuwa akisikiliza na punje mkononi. "Na mie nitakula na nani?"

"Na mama yako."

Alifikiri. "Anapika muzuri?"

"Kuliko huyu," Papa akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

Niliingia ndani. Hasira bado ipo. Amemdanganya Yaya, amenichosha kwa safari mbili za Beni, amenifanya nimwone mzee asiyejua afanyalo. Na nampenda hata nashindwa kukaa.

Lakini naweza kuanza tena. Demande, mashahidi, hakimu. Tarehe nyingine Kampala. Nikimsukuma ataenda, kwa sababu hajawahi kuniacha nihangaike bure. Jambo zima liko mkononi mwangu sasa.


Jumamosi, tarehe 26

Nimempigia Yaya. Nimemwambia yote. Akacheka, kisha kicheko kikawa kitu kingine.

"Ametupima sawa wanafunzi," akasema. "Nilimutengenezea chumba, Kavira. Dirisha inaangalia mti."

Nikamwambia na lile lingine, kwamba nilifurahi, Beni, na ndizi mkononi. Kwamba sitaki kumsukuma. Nilitaka anitukane.

"Najua," akasema. "Mie pia ningefurahi." Kisha: "Mais mutoto unipe. Huyo usinifiche karatasi."

Nikasema nitampa.


Jumanne, tarehe 29

Kampala. Cheti cha Masika kilikuwa safi, tarehe 21. Mtumishi wa dirishani aliuliza mimi ni nani kwa mtoto. Mama mdogo. Akaandika. Masika hakucheka hata mara moja, akidhani picha inaendelea.

Nimejibu kila swali kwa sauti nzuri. Kwa karatasi, nimempa Yaya mtoto wake.


Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa saba

Viza imetoka. Yaya amefika Kampala kumchukua. Leo tumeondoka.

Papa alitusindikiza hadi Beni, pasipo lazima. Kalunguta alimwonyesha Masika mistari ya juu ya kahawa. Ameshaikata, mwenyewe, juma lililopita. Pale ambapo gari la mpakani linapakia alitoa biki nyekundu kwenye mfuko wa shati, akaiweka kwenye mfuko wa koti la mtoto, akafunga kifungo.

"Ukiona kosa kule, sahihisha."

"Ndiyo, Sokulu."

"Mais hapana ku karatasi ya Leta."

"Juu ya nini?" akauliza sababu.

"Inakufa."

Sokulu ni babu. Masika alimwita hivyo mara nyingi dirishani, hata gari lilipokwisha kuondoka. Nilimwona Papa akipapasa mfuko wake mtupu.


Jumatatu, tarehe 14

Nimemkabidhi. Masika alimwangalia mama yake muda mrefu, akalinganisha na picha, akamshika kidole kimoja. Baadaye mkono wote.

Yaya amenenepa. Mikono yake ina harufu ya sabuni. Tulishikana.

Siandiki zaidi.


Jumapili, tarehe 24 mwezi wa nane

Ukungu tena asubuhi. Misa, kaburi, soko. Papa alibeba kabichi.

Mchana barua ya Masika imefika, picha kwenye simu yangu. Ameiandika kwa wino mwekundu, yote. Anasema kule kuna baridi sawa na Butembo ila haina ukungu. Kwamba mama yake anapika vizuri, lakini maharagwe yanatoka kwenye mkebe na hakuna cha kupukuchua. Kwamba chumba cha Sokulu amepewa yeye, na mti upo.

Papa aliisoma mara tatu, simu ikiwa karibu na pua. Kisha akaomba daftari. Alinakili barua yote, mstari kwa mstari, kwa biki ya bluu, maana sasa anayo hiyo tu. Nilisimama nyuma yake. Makosa ni mengi. Ameyanakili yote, kila moja mahali pake, kwa mwandiko wake mzuri.

Nikamwuliza kama atasahihisha.

"Hapana," akasema. "Iko sawa."

Akaacha daftari wazi wino ukauke. Nikapakua. Tukala.