Pumzi Katikati ya Jina

Bofa, Kilifi
3 Machi 1986

Mama mpenzi,
Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua. Goti lako je?

Jana sisi wahudumu wa hoteli tulitazama mashindano ya waimbaji kwenye televisheni. Wa kwanza aliimba kana kwamba kiatu kinambana, tukacheka. Kisha akaja msichana wa bara, Wanjira, akaimba wimbo uliomtungia dada Mwanatumu, ule wa kumsukia nywele, na jina la baba Mahadhi ndani yake. Mama, nani mwingine anaujua? Naogopa.

Mwanao,
Zein

Malindi
8 Machi

Mwanangu Zein,
Marhaba. Goti lina nafuu.

Wimbo ule haukuwahi kutoka nje ya nyumba yetu. Dada yako alikwenda kuoga baharini wiki moja kabla ya harusi yake, zikarudi kanga tu. Tulimsomea hitima miaka mingi iliyopita, mwache apumzike.

Huyo msichana ataimba tena lini? Jirani yetu Jaha amenunua televisheni.

Mamako

Malindi
17 Machi

Zein mwanangu,
Salamu nyingi. Usingizi umenipaa.

Nimemtazama. Si Mwanatumu. Lakini anavuta pumzi katikati ya jina la baba yako: "Maha", kimya, kisha "dhi". Kosa hilo ni la dada yako, nilimgombeza kila siku lakini hakuliacha. Msichana huyu amefundishwa na Mwanatumu mwenyewe. Mtafute umuulize.

Mamako

Nairobi
2 Aprili

Mama,
Shikamoo. Nimefika salama. Soma ukiwa umekaa.

Wanjira alilelewa na yaya aliyeitwa Mwanatumu. Alifariki Shaabani iliyopita, kwa kifua. Alimsimulia kwamba aliikimbia ile harusi, akaacha kanga ufukweni mumtafute majini. Kisha akajuta akarudi Malindi, uso ameufunika kwa buibui. Alikuta watu wamejaa mlangoni petu kwa hitima yake. Mwanamke mmoja akampa sahani ya pilau, akamwambia amwombee marehemu Mwanatumu. Dada akaona haya kujitokeza mbele ya watu waliokwisha kumlilia. Akageuka, akaenda zake.

Nijibu, mama. Nina wasiwasi nawe.

Mwanao,
Zein

Malindi
9 Aprili

Zein mwanangu,
Marhaba. Sijambo, usije.

Sahani ile niliitoa mimi. Nilimwona amesimama peke yake, nikadhani ametoka mbali na ana njaa. Nilimwambia amwombee mwanangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Amin, mama."

Siku ile kila mgeni aliniita mama, nami nikaenda kumpa sahani aliyefuata.

Mamako,
Hindu