Kufuli la Ajenti

Jumanne, Ukunda

...na kodi nililipa mapema! Ujumbe wa benki ninao kwenye simu, lakini ajenti wa nyumba hakutaka hata kuutazama. "Dada, lipa kwanza faini ya kuchelewa," alisema.

Niliporudi nyumbani nikakuta vijana wake wamemtoa mama yangu nje, wametia kufuli mlangoni. Mama alikuwa ameketi kizingitini, na dawa zake za sukari zimo ndani.

Nikampigia ajenti, nikamsihi. Akataka nikiri kuwa nilichelewa. Nikakiri, ingawa kodi nililipa mapema. Faini nimelipa kwa pesa ya kukopa, na mwezi ujao sijui nitalipa vipi...

Alipokuja kufungua, mama alimwinulia mikono. "Ahsante, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Nikaingia chooni kulia, mama asinisikie.