Seneta Aliyekufa kwa Chai

Médiatrice, uko wapi? Pokea simu! Eish, basi nakuachia ujumbe wa sauti.

Unamjua mzee wangu wa Randburg, huyu ninayemtunza. Mwaka mzima anafuatilia ukoo wa babu wa babu yake, seneta wa Amerika enzi za utumwa. Mimi nilishachoka kusikiliza.

Leo asubuhi binamu yake wa huko amempigia. Eti seneta hakufa kwa ugonjwa wa moyo kama walivyoambiwa. Alitiliwa sumu kwenye chai. Wakasema ni mpishi wake, mama mmoja mtumwa. Walimnyonga yule mama bila kumuuliza kitu.

Nikampelekea mzee chai kama kawaida. Akaniambia, "Clémence, onja wewe kwanza."

Nikacheka. Dada, yeye hakucheka! Onja wewe kwanza! Mimi ninayemwogesha miaka minne!

Binti yake alikuwapo. Nikadhani atamkemea baba yake. Akafunga mlango kwa ufunguo, akasema, "Kama haina kitu, kunywa."

Nikaimaliza yote mbele yao. Nikageuza kikombe waone. Nikasema, "Sasa nifungulieni, naenda kwangu."

Mzee akatazama saa ya ukutani. Akasema polepole, "Seneta alikunywa asubuhi, akafa jioni. Tusubiri jioni."

Binti akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa.

Nipo hapa mezani, wananitazama tumbo; Kiswahili hawakijui. Mwambie mumeo mje wote wawili, sasa hivi. Hata kikohozi nakizuia.