Fidla Yetu Iliyochoka

Baba,

Tangu tukuzike, santuri yako ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha meza. Mama aliifunika mwenyewe na hakuna aliyeuliza. Migomba uliyopanda nyuma ya jiko imezaa. Shuleni nasoma sana. Ni rahisi kuliko kuongea na watu.

Kuna jambo nataka ulijue. Mwalimu wetu wa muziki ana santuri ya umeme. Siku moja alitupigia sahani ya muziki, nami nikaitambua mara moja. Ilikuwa sawa na ile yetu, uliyoiokota sokoni Daraja Mbili ulipokwenda kutafuta koti la mtumba. Fidla zote zilianza pamoja, kisha moja ikatoka peke yake. Nikakusikia ukisema, "Kerubo, hawa ni risaga. Wanalima pamoja, mmoja anatangulia, halafu wote wanamfikia na wimbo ule ule."

Lakini ilikwenda mbio, Baba, na sauti yake ilikuwa juu kuliko yetu. Sehemu ya katikati haikujikokota. Ilitulia tu, kama mtu anayeomba. Na ile ya mwisho, uliyosema fidla inarudi nyumbani imechoka, kumbe ni ya kucheza. Betri zetu chovu ndizo zilizoichosha. Ulizianika juu ya jiwe kila Ijumaa, ukazitia Sabato ilipoisha, na kabla ya mwisho zilikuwa zimelegea. Mama alipita na sufuria akasema, "Wazungu wenu wamefiwa tena," nawe ukacheka mpaka ukakohoa.

Wenzangu walikuwa wakigonga miguu chini ya madawati. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje. Hukuwahi kuisikia hivyo. Mimi nimeisikia, bila wewe.

Tulipofunga shule nilimweleza Mama. Siku ya soko alikwenda Magwagwa akarudi na betri mpya, na Jumamosi jua lilipozama akakitoa kile kitambaa. Tulisikiliza yote, ikienda mbio kama kule shuleni. Ilipofika sehemu ya kucheza, aligeukia ukuta.

"Huyu simjui," akasema. "Niwekee yule wa baba yako."

Betri zako za zamani zilikuwa bado dirishani. Nilizitia. Fidla ikatoka na sauti ile ya chini, imechoka, ni yenyewe kabisa. Mama, ambaye siku ya mazishi alipokea wageni na kugawa chai bila chozi, aliketi sakafuni akalia. Nikaketi karibu naye. Katikati ya ile sehemu ya polepole fidla ikazidi kushuka, ikashuka, ikanyamaza. Betri zilikuwa zimekufa.

Kwa hiyo mwisho wetu hatujausikia tena, Baba.

Zile mpya nimezifunga kwa karatasi. Mama atazitumia kwenye tochi mpaka zichoke. Zikishachoka nitazianika juu ya jiwe lako siku ya Ijumaa, na Sabato ikiisha nitaipiga sahani mpaka fidla ifike nyumbani. Mama amesema ataketi nami.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Kerubo