Wimbo wa Mzee Murdo

Savage, Minnesota

Nyanya yangu,

Mguu wako unaendeleaje? Huku theluji imefika dirishani na gari langu limekataa tena kuwaka.

Yule Mskoti niliyekuwa nikimtunza, Mzee Murdo, alifariki jana. Hakuchoka kunisimulia jinsi askari wa Kiingereza walivyowachomea mababu zake nyumba. Ni mambo ya karibu miaka mia tatu, lakini alilia kana kwamba moshi bado uko machoni pake. "Sisi Waskoti ni watu wa kuonewa," alikuwa akisema.

Wiki iliyopita nikimwosha, nikawa naimba polepole ule wimbo wako wa kutubembeleza. Akanishika mkono.

"Nani alikufundisha wimbo wetu wa maombolezo?"

"Nyanya yangu, kule Meru."

"Unaona? Uchungu wetu ulifika mpaka Afrika!" Akaniambia kwa fahari kwamba baba yake aliupiga kwa zumari huko Kenya wakati wa Mau Mau, akiwa askari wa Waingereza aliyevaa sketi ya Kiskoti.

Nikaendelea kumsuuza sabuni. Hukuwahi kutuambia ni nani waliochoma nyumba ya mama yako. Ulisema tu kwamba mlifungiwa ndani ya seng'enge, na kila jioni askari waliovaa sketi walipiga zumari.

Binti ya Mzee Murdo ameniomba niuimbe wimbo huo mazishini Jumamosi. Barua hii itakufikia mazishi yakiwa yamepita. Nitauimba, Nyanya. Lakini nyumba nitakayoililia ni ya mama yako.

Mjukuu wako,
Nkirote