Mikono Iliyokudanganya

Ni mwaka mmoja sasa, Chiriku wetu, tangu kigoda chako kibaki kitupu jikoni.

Uliwaandikia vijana vitabu sita, vyote kwa penseli. Shuleni walipokezana mpaka majalada yakang'oka. Barua zao ulizijibu zote, hata ya yule aliyeuliza kama lile busu la kitabuni lilikuwa la kweli.

Lakini kila sura ilianza kwa bibi yako, aliyeishia darasa la saba. Ulimsomea akichambua maharage. Uso wake hukuutazama, ulitazama mikono. Ikisimama, sura imepita. Isiposimama, unaichana.

"Bibi, hata hapo alipotoroka?"

"Atoroke tu. Mimi nina maharage yangu."

Ulicheka, ukaanza upya.

Siku nne kabla hujatuacha ulimsomea mwisho wa kitabu cha saba: binti mgonjwa anawaaga watu wa nyumbani, mmoja mmoja. Mikono haikusimama hata kidogo. "Bado, Bibi," ulisema, ukaichana vipande vinne. Nguvu za kuandika nyingine hukuzipata.

Mhariri alitupa muda mpaka Jumatatu iliyopita, saa nne. Tusipopeleka mwisho, angeutunga mwandishi mwingine, na binti angepona. Vipande bibi yako alikuwa ameviokota na kuviunga kwa gundi ya unga. Mama yako hakutaka hata kuviona.

"Aliichana mwenyewe, Mama. Unataka kumvunjia heshima?"

Wiki nzima walisemeshana kwa kugonga vikombe mezani.

Jumatatu, saa tatu ikiwa imeshapita, bibi yako akamwambia alichokificha. Siku ile ulipomsomea mwisho, maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Aliyamwaga tena kwenye sinia, safi vivyo hivyo, akaanza kuyachambua upya. Aliogopa mikono ikisimama, utajua kwamba amejua unatuaga.

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambiaje, mwanangu?"

Mama yako alitazama saa ya ukutani. Kisha akainuka, akavuta droo. "Bahasha kubwa ziko wapi humu ndani?"

Alifika kwa mhariri zikiwa zimebaki dakika sita.

Bibi yako anasema: Sura yako ilipita, mjukuu wangu. Ilipita tangu mstari wa kwanza.

Unakumbukwa na bibi yako, mama yako, kaka yako fundi cherehani, shangazi zako wawili, na wasomaji wako wanaokisubiri cha saba. Nyumba hii haitakusahau kamwe.