Harufu ya Shati Lako

Baba Zuhura,

Nimetoka eda juma lililopita. Muda wote ule sikujipaka marashi wala kuchoma udi, mpaka pua ikawa haina kazi. Wanawake wa mtaa walikuja kunitoa, wakala wali, wakaenda zao. Zuhura naye karudi kwa mumewe, kule Kibamba. Nimebaki mimi na ule mkeka wako ambao hukutaka mtu mwingine aukalie.

Unaukumbuka mchezo wetu? Ukirudi kutoka bandarini unanirushia shati hata kabla ya salamu. "Haya, Mama Zuhura, leo meli imepakia nini?" Nalinusa. Mkonge. Tumbaku. Korosho. Kahawa ndiyo nilikuwa sikosei, ile mbichi, yenye harufu ya gunia lililolala kwenye unyevu. Nikipatia unacheka, nikikosea unanuna kama vile meli ni yako.

Siku serikali ilipoyachukua makampuni, ulirudi kutoka kwenye maandamano sauti imekukauka. Ukaniambia, "We subiri tu. Korosho tutabangua wenyewe, ngozi tutashona wenyewe. Siku moja utanusa shati hili ukute harufu ya viatu vipya." Niliamini. Nilikuwa naamini kila ulichosema ukiwa umechoka.

Wakabadilisha kibao cha getini, ofisini akakaa mtu mwenye jina kama letu. Wewe ukaendelea kurudi na kahawa begani. Pamba ilipanda melini, kanga zikashuka. Ukaacha kucheka nikipatia. Mwishoni ulikuwa unanipa shati bila kuuliza kitu, nami jibu nalijua, nalipeleka shati kwenye beseni. Kisha kifua kikakuzidi, ukaniacha.

Chumba cha uani nimempangisha Selemani, naye ni kuli wa bandarini. Juzi alitundika shati lake kwenye kamba yetu, mvua ikatishia, nikatoka kulianua. Nikajikuta nimeliweka usoni. "Kahawa," nikasema kwa sauti. Nikasubiri ucheke.

Selemani akachungulia mlangoni. "Umejuaje, mama?"

Nikamwambia nimebahatisha tu. Sikutaka ajue. Mchezo ule ni wetu wawili.

Sasa nikwambie jambo, na usinikasirikie. Ulitamani harufu ile ibadilike, ukaitamani mpaka ikakuumiza. Lakini mimi nilipoikuta vilevile, nilifurahi. Nilikaa kizingitini na shati la mtu mwingine mapajani, nafurahi huku nalia. Nguo zako zote tumezigawa sadaka, hakuna hata moja iliyobaki ndani. Umebaki kwenye magunia yale tu, yale yale uliyoyachukia. Najua watu wanaendelea kuvunjika migongo kwa ajili ya kahawa wasiyoionja, na najua ungeniona sina akili. Ni upweke, mume wangu. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Siku uliyokuwa ukiingoja, mimi sasa naiogopa.

Lala salama, Mungu akupanulie kaburi lako. Nitaendelea kuianua nguo ya Selemani kila jioni, na nitanusa kwa haki, sitakudanganya. Siku nikikuta harufu ya viatu vipya nitajitanda kanga nije makaburini nikwambie mwenyewe, wanaume waseme watakavyosema. Nitakuja, hata kama siku hiyo ndiyo nitakuwa nakuzika tena.

Mkeo,
Mama Zuhura